Krediti za Somo Lisilo na Mwalimu

“Krediti unazo, tena za kumwaga,” alisema Mama Ghati wa ofisi ya usajili. “Lakini za somo hili huna, na hili ni la lazima.”

Machozi yalimlengalenga Asteria. “Si nimesoma masomo mawili ya hiari zaidi ya niliyotakiwa? Nihamishieni basi hizo krediti.”

“Mahari ikitajwa ng'ombe, Mama Edson, utapeleka kuku? Hata ukijaza lori, ni kuku tu.”

Haya, cheka ukitaka, ila Asteria hakuwa na la kucheka. Uzamili wa sayansi ya kompyuta aliuanza kabla ya kumzaa Edson, akaahirisha, akarudi. Na chuo chao hapo Shinyanga kina kanuni isiyo na huruma: muda ukiisha hujamaliza, krediti zako zote zinafutwa, unaanza upya kama mgeni. Muda wake ulikuwa unaisha muhula huu. Limebaki somo moja, usalama wa mitandao, na somo lenyewe halina mwalimu! Mzee Pantaleo aliyelifundisha kastaafu, kaenda zake Ushirombo kufuga.

“Lakini nalijua, dada! Mzee alipougua mgongo, si mimi niliyewafundisha mazoezi vijana wa shahada ya kwanza?”

“Kujua ni kwako. Krediti ni ya aliyefundishwa na mtu, akatungiwa mtihani na mtu. Hakuna anayejisahihishia hapa.”

Kesho yake Asteria alikwenda Ushirombo. Akamkuta mzee zizini, mkono kiunoni.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba, mama. Kama umekuja kunirudisha chuoni, mgongo umekataa.”

Asteria akapiga magoti palepale kwenye samadi, na gauni lake la kanisani. “Basi nitafutie mtu, mwalimu. Yeyote yule. La sivyo nimekwisha.”

Mzee alimhurumia kwelikweli. Alimwinua, akamfuta tope kwa kofia yake.

“Nyamaza, mama. Yupo mmoja. Somo hili analijua kunizidi hata mimi, ila hajiamini. Leo hii nampigia mkuu wa idara nimtajie jina, na atakubali tu, nakuapia.”

“Wabeja, mwalimu! Wabeja!” Shukrani zilimtoka kwa Kisukuma, Kiswahili kilimpotea kwa furaha.

Jumatatu tangazo likabandikwa: mwalimu wa usalama wa mitandao amepatikana, kipindi kesho asubuhi. Asteria alilisoma mara mbili, akamkumbatia Mama Ghati mpaka miwani ikamwanguka.

Siku ya kipindi aliwahi kuliko wote, akakaa kiti cha mbele kabisa, kalamu mkononi. Wenzake wakaingia mmojammoja.

“Mama Edson, ulilala humuhumu nini?” Evance alimtania. Asteria akacheka nao, jambo ambalo hakulifanya tangu muhula uanze.

Muda wa kipindi ukafika, ukapita. Mwalimu haonekani. Jamani, asije akawa ameghairi!

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa idara akachungulia, akautazama ubao mtupu, kisha akamtazama Asteria.

“Nakupigia tangu jana hupatikani! Haya, mwalimu, mbona umekaa? Wanafunzi wako wanakusubiri.”