Kemshafti ya Marehemu

Fundi Ngwali alimkabidhi Salha, mjane wa mwanawe, kemshafti mpya, kile chuma chenye nundu cha ndani ya injini, aipake mafuta. Ndiyo desturi ya gereji ile: atakayeliendesha gari mashindanoni huipaka kwa mkono wake kabla haijafungwa kwenye injini.

Salha alipitisha kidole juu ya nundu zake fupi zinazosukuma valvu.

"Baba, hii ni ya kwendea sokoni."

"Inakimbia vya kutosha."

"Ya mume wangu iko wapi?"

Ngwali alitupia jicho chini ya meza. Ile aliichonga mwenyewe, nundu ndefu na kali, kwa sababu mwanawe alimbembeleza, nayo ikamfikisha kwenye kona kwa mwendo asiouweza. Gari lilinyooshwa. Yeye walimzika.

"Unataka kuniachia mjukuu nimlee peke yangu?"

"Usipoifunga wewe, ataifunga mwingine asiyejua hata kuipima."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma. Akainama chini ya meza, akaitoa ikiwa imeviringishwa kwenye shati la marehemu. Salha aliipokea kwa mikono miwili, akaanza kuipaka mafuta taratibu, nundu baada ya nundu. Ngwali akaiinamia injini iliyo wazi, spana mkononi, akimsubiri amalize ili yeye mwenyewe aifunge.