Mtihani wa Vitendo

Mwaka ule kila mwanafunzi wa Uchumi wa kidato cha sita alifanyia mtihani wa vitendo nyumbani kwao. Umeme wa nyumba ulipunguzwa, naye akatakiwa kuchagua, kwenye kishikwambi cha mtihani, kifaa kimoja cha kuzimwa moja kwa moja.

Kwa kina Nakijwa vifaa vilikuwa viwili: cherehani ya mama yake, iliyowalisha wote, na mashine ya kupumulia ya babu yake, Mzee Mbonea.

"Chagua yangu, mjukuu wangu," babu alisema kwa shida. "Mimi nimeshaishi."

"Baba, usiseme hivyo!" mama alimkatiza. "Naki, zima cherehani. Nitashona kwa mkono."

Nakijwa alibonyeza cherehani huku machozi yakimtoka. Akaandika sababu yake: mtu hana mbadala.

"Jibu si sahihi," kishikwambi kilisema kwa sauti ya upole. "Tafadhali rudia."

Mama alikipigia magoti, akakisihi kama anayemsihi mtu. Nakijwa akabonyeza cherehani tena, na tena, na sauti ile ikarudia maneno yaleyale bila kukasirika. Nyuma yao, Mzee Mbonea alikuwa ameanza kuivua barakoa yake ya hewa, taratibu, ili wasimsikie.