Jiwe Chini ya Madhabahu

Kisa hiki kinauma, lakini acha nikisimulie.

Nyani walipouteka mlima, waliwalazimisha pimbi kuvunja miungu yao ya mawe na kumjengea mungu wa nyani madhabahu. Bibi Pimbi, fundi mjanja, akaliokoa jiwe moja na kulifukia chini ya madhabahu hiyo.

"Tupige magoti hapa kila siku," aliwanong'oneza wenzake. "Nyani watadhani tumeongoka."

"Na watoto tuwaambieje?"

"Msiwaambie kitu. Mtoto hana siri. Akiropoka, tumekwisha."

Watoto wakakua wakipiga magoti kwa bidii kuliko wazazi. Wenzake Bibi Pimbi wakafa mmoja mmoja, na siri yao wakaenda nayo.

Hatimaye njaa ikawafukuza nyani. Bibi Pimbi akalifukua jiwe, akalipangusa udongo, akawaita vijana.

"Huyu ndiye mungu wenu. Ndiye mliyekuwa mkimsujudia siku zote!"

Mjukuu wake akalinyakua, akalipigiza mwambani hata likawa vipande.

"Pole, bibi," akasema kwa upole. "Nyani walituonya kwamba siku wasipokuwepo shetani atatujaribu. Njoo tukuombee."

Akamshika mkono hadi madhabahuni. Bibi Pimbi akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza chini yake palikuwa na shimo tupu.