Malimbuko ya Mama Christiane

"Meza sasa, nikuone," Mama Christiane alisema, akimshikia Ruphin kikombe cha maji mdomoni.

Ruphin alikifumbata kidonge mkononi. Si kwamba hakukitaka. Alikitaka kuliko chakula. Lakini Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kuleta mahari ya Graciella, binti yake wa pekee, naye alikuwa ameapa kuwapokea ameketi kitini kama baba mwenye nyumba, si amelala kwenye godoro akilia kama mtoto.

"Mama, hii nitachunga ya siku ya posho," alisema, akitaka kukiweka mpaka Jumamosi hiyo. "Bakwe bakuye kwanza."

"Ya posho nitakuletea ingine. Hii ni malimbuko, baba. Malimbuko habachungake."

Mtaa wetu wote wa Makomeno uliijua desturi hiyo. Mchungaji alikuwa amehubiri kwamba cha kwanza ni cha Mungu. Sisi wengine tukaitikia amina, tukaenda nyumbani kula vya kwanza vyetu. Mama Christiane peke yake ndiye aliyetii. Kila kartoni ya dawa ilipoingia dukani kwake, kidonge cha kwanza kilimwendea Ruphin, bure kabisa, kabla mteja yeyote hajauziwa. Na alikileta mwenyewe, kwa miguu yake. Kanisani alitajwa kwa jina, nasi tukaangalia chini kwa aibu.

Ruphin alikuwa dereva wa lori la samaki wa Kasenga mpaka siku lilipopinduka naye. Hospitali ilimpa tramadol, ile ya kweli, kwa karatasi ya daktari. Karatasi iliisha, maumivu ya mgongo hayakuisha, ndipo akalijua duka la Mama Christiane. Siku hizi hata tramadol yenyewe haionekani. Zinakuja kartoni za vidonge vidogo vyeupe visivyo na jina, na kila kartoni ina tabia yake. Kuna kidonge kilimlaza Ruphin mpaka kesho yake jioni. Kuna kingine hakikumfanya lolote. Siku hiyo Mama Christiane alimuuliza na kumuuliza tena, "Kweli hausikie kitu? Hata kidogo?" Akaondoka amekasirika, na mchana ule ule akamrudishia muuzaji wa jumla kartoni nzima, na matusi juu yake. Jamani, tulisema, tazama mtu anavyomgombea maskini!

Simu ya Mama Christiane ililia. Alikuwa Martine, msichana wa dukani, na sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Mama, nifungule? Bantu beko mingi ku mulango."

"Bado. Mungu hayapata yake."

Mado, mke wa Ruphin, aliyasikia hayo kutoka jikoni, akaja na unga mikononi, machozi yakimlengalenga. "Meza, Baba Graciella," alimhimiza mumewe. "Usimungojeshe mama wa bantu."

Ruphin akameza. Mama Christiane akamwambia apanue mdomo, akamtazama mpaka chini ya ulimi, kama anavyofanyiwa mtoto mtundu, wakacheka wote watatu. Kisha akavuta kigoda na kukaa karibu yake.

Haikuchukua muda. Uso wa Ruphin ulilainika. Aliinuka mwenyewe, bila kushikwa, akaenda kuketi kwenye kiti kile walichomtengea kwa ajili ya Jumamosi.

"Mado! Kuya uone!"

Mado alipiga vigelegele. Alikimbia kuleta koti la harusi yao, akamvisha, akamfunga vifungo. Ruphin alinyoosha mgongo, akaanza kujaribu maneno ya siku yenyewe.

"Karibuni, bakwe. Mutoto wangu Graciella, nilimulea..."

Kichwa kikaangukia kifuani.

"Usingizi ule," Mado alisema, bado anacheka. "Umuache apumuzike."

Mama Christiane alimshika Ruphin kifundo cha mkono. Alikuwa anamtazama kifua, na midomo iliyoanza kugeuka rangi.

"Mama, si iko analala?"

Mado alimtikisa mumewe, akamtikisa tena, kisha akapiga yowe lililowatoa majirani majumbani. Maskini Mado, vidole vyake vilikuwa bado kwenye vifungo vya koti.

Mama Christiane alimfumba Ruphin macho kwa mkono wake mwenyewe. Alimwachia mjane leso yake, akatoka uani na simu. Tulimpisha kwa heshima, tukiona alivyoumia.

"Martine, usifungule kwanza. Ya leo iko na nguvu sana. Ukate kila kimoja bipande ine, kiisha uuzishe." Akashusha sauti. "Na ule muzee wa muguu mubaya, kule nyuma ya soko, angali anaikala peke yake? Muzuri. Umuambie Mungu amemukumbuka."