Palipoanguka Keki

Tangu magari yaanze kujiendesha, mashindano ya klabu ya magari ya Muheza, ya kufumbua mafumbo na kufika mahali palipofumbwa, yalikuwa yamepooza. Ukilisomea gari fumbo, linalijibu hujafunga mdomo, kisha linakupeleka. Bi Zaina, katibu wa klabu, aliapa kwamba safari hii magari yatakoma. Akatunga mafumbo ya mambo yasiyo kwenye ramani yoyote.

Jumapili asubuhi, uwanjani, akiwa ameegemea gari lake, akasoma la kwanza: "Nendeni palipoanguka keki ya harusi."

Magari kumi na mawili yakaduwaa. "Samahani, sipajui," yalisema moja baada ya jingine. Ikabidi watu waulizane njia, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kwa miaka.

"Si pale kwenye mashine ya kusaga?" aliuliza fundi Hoza.

"Baba Sharifa we! Ilikuwa darajani, na wewe ndiye uliyeibeba!" alijibu mkewe, akaangua kile kicheko chake kinachoishia kwa kikohozi.

Uwanja mzima ukacheka. Kutwa walizozana, wakakumbushana, wakapotelea kwenye mashamba ya michungwa, na mshindi alifika saa kumi jioni sauti imemkauka kwa furaha.

Bi Zaina akarudi nyumbani akiimba. Alipofika darajani, gari lake likapunguza mwendo lenyewe.

"Hapa ndipo ilipoanguka keki," lilisema.

Kisha likacheka. Kilikuwa kicheko cha mke wa fundi Hoza, chote, pamoja na kikohozi.