Kuunganishwa na Mama Tunu

Kila jioni mtaa mzima tunaliazimisha jiji vichwa vyetu lipige hesabu ya mafuriko. Kila nyumba hufanya kipande chake, kisha hupashana majibu na jirani. Tangu mume wangu Sefu afariki, nyumba yangu ilibaki na kichwa kimoja, nikawa nachelewesha wote. Juzi mafundi wakakiunganisha kichwa changu na cha jirani yangu, Mama Tunu. Sasa hesabu inaisha kabla wali haujaiva.

Leo nimeingia jikoni kwake, nikalitoa kopo la chumvi nyuma ya unga bila kuuliza liko wapi.

"Usizidishe, shoga," akasema, machozi yakimlengalenga. "Sefu hapendi chumvi nyingi."

Nikasimama na kijiko mkononi, nikihangaika kuikumbuka sura ya Sefu. Ikaja ya Baba Tunu.