Breki za Mgeni

Jeki ilikuwa chini ya kitanda cha Bi Zuweina, imeshika upande uliovunjika tendegu. Zulekha aliingia chini kwa tumbo, akasukuma matofali mahali pake, akaizungusha jeki taratibu mpaka ikaachia.

"Nikianguka usiku mtasikia kishindo," akasema bibi yake kutoka mlangoni.

"Bibi, mgeni atakosa meli."

"Basi mpe. Mpe kila anachotaka, aende zake."

Mgeni alikuwa Haitham, rafiki wa kaka yake Zulekha, aliyevuka na gari lake kutoka Unguja kuja kwenye harusi ya kaka huyo. Harusi imekwisha, maharusi wako Wete, na Haitham alikuwa arudi leo kwa meli ya alasiri kutoka Mkoani. Lakini alipoliwasha gari na kulisogeza uani, lilipiga ukelele wa chuma kwa chuma, kuku wakatawanyika.

Wazazi wa Zulekha walikuwa shamba. Mafundi wote walikuwa mjini Chake. Pale Pujini, aliyejua breki alikuwa Zulekha peke yake, maana ndicho alichokisomea chuoni.

Moyo wake ulikuwa haujui ufurahi au ulie. Tangu Haitham aje, walikuwa hawajasemezana zaidi ya salamu, pazia likiwa katikati. Salamu zake lakini zilikuwa ndefu kuliko za watu wengine, na Zulekha alianza kutumaini kwamba huyu bwana ana neno atamwambia baba. Hakumwambia. Akipanda meli leo, ndiyo basi tena.

"Sasa tuanze gurudumu lipi?" akauliza Haitham.

"La mbele, mkono wa kulia," akajibu Bi Zuweina kutoka barazani, bila kuinua macho kwenye ungo wake wa mchele.

Zulekha alimtazama kwa mshangao. Adhana ya msikiti wa jirani bibi huyu haisikii mpaka aguswe bega.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya marehemu babu, dereva wa lori la karafuu, na tangu afariki Bi Zuweina alikuwa amevitafutia kazi nyingine. Spana ya nati za gurudumu ilikuwa komeo la banda la kuku. Spana namba kumi na nne ilishonewa kwenye pindo la pazia lisipeperuke. Waya ulikuwa umeanikiwa nguo. Zulekha alikwenda huku na huku akivikusanya, na nyumba ikabaki kama imepigwa na kimbunga.

Akaweka jiwe nyuma ya tairi, akalegeza nati, akalinyanyua gari, akatoa gurudumu.

"Hii ndiyo kalipa, ndiyo inayolibana diski gari lisimame," akasema. Haitham alikuwa amechutama kwa mbali kama anayeogopa kuumwa. "Ina bolti mbili kwa nyuma. Zikitoka, na yenyewe inatoka. Ila haiachwi ikaning'inia kwa mpira wake wa mafuta. Unaifunga hapa juu kwa waya."

"Kumbe. Na mimi nilidhani umesomea upishi."

"Upishi najifundisha kwenye simu."

"Ule wali wa jana ulitoka kwenye simu?"

"Ule uliungua."

"Mimi nilikula sahani mbili."

Zulekha aliinamia bolti ili uso wake usionekane. Alipokwisha kuitundika kalipa akainuka kutafuta kitambaa, Haitham, kwa kutaka na yeye aonekane ana msaada, aliingia garini akakanyaga breki. Pistoni ya kalipa ikachomoza kama ulimi wa mtoto mtundu.

"Nimeharibu?"

"Hujaharibu. Umetuongezea kazi tu. Sasa tunataka klempu ya kuirudisha ndani."

Klempu ilikuwa imebana mguu wa mbuzi ya kukunia nazi.

"Basi mchana mtakula wali mkavu," akasema Bi Zuweina.

"Mimi sina neno, Bibi," akasema Haitham.

"Wewe huna neno siku zote, baba. Hiyo ndiyo shida yako."

Mikono ya Zulekha ilitamani kwenda polepole. Lakini mtu amemkabidhi gari lake, basi ikaenda mbio. Pedi za breki zilikuwa nzima kabisa. Nyuma ya diski, baina yake na bati la kukinga vumbi, akaona kokoto dogo kama punje ya mahindi. Akalichokoa kwa msumari.

"Hili tu?" akauliza Haitham.

"Hili tu."

Wakalitazama wote wawili kwa huzuni, kana kwamba walitegemea ugonjwa mkubwa zaidi.

Kalipa ikarudi, gurudumu likarudi. Haitham akalizungusha gari uani. Kimya. Akalizungusha tena, akiwa ametoa kichwa dirishani kusikiliza. Kimya.

Akaenda msikitini kuswali Adhuhuri, naye Zulekha akaingia jikoni kupakua wali mkavu. Bi Zuweina akachukua ufagio wa vijiti, akaufagia uwanja kuzunguka gari, maana mgeni akishaondoka hakufagiliwi nyuma yake.

Walipokwisha kula, Haitham alisimama mbele ya Zulekha. Akafungua kinywa. Akamtazama Bi Zuweina. Akakifunga.

"Ahsante kwa breki," akasema.

"Safari njema."

Gari likatoka uani bila hata mlio, likapita migomba, vumbi likapanda na kutua. Zulekha alisimama mpaka macho yakaanza kumwasha. Kisha akainama kuichukua jeki, airudishe chini ya kitanda.

Bi Zuweina alikuwa amekaa barazani, anafuta vidole kwa pembe ya kanga. Ncha za vidole hivyo zilikuwa nyeusi kama za mjukuu wake.

"Jeki iache hapo hapo," akasema. "Gurudumu la kushoto litalia akifika kwenye kona."